Dawa ya Masikio ya Mwenyekiti

Jumanne, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imepiga leo mchana bila hodi, na imenikuta na nguo za watu kwenye kamba. Nimekimbia, nikateleza kwenye jabali la nyuma ya nyumba, goti limechubuka. Sare za kwaya zote chapachapa. Nimetukana peke yangu mpaka nikaishiwa.

Naandika kwa sababu siku nzima nina mdomo na sina wa kusema naye. Mume wangu Venant yuko barabarani na lori, Mwanza, Geita, Katoro, na anarudi akijisikia. Zamani kisingizio chake kilikuwa foleni ya kivuko cha Busisi: "Mke wangu, tumelala kivukoni." Sasa daraja limefunguliwa, watu wanavuka wakitafuna karanga, na yeye bado analala huko. Binti yetu Selina yuko chuoni Dodoma. Nyumbani tumebaki mimi, cherehani, sungura wawili wa Selina, na Baba mkwe.

Jina la Baba mkwe siliandiki, hata hapa. Marehemu mama mkwe alinifunda tangu naolewa: jina lake silitaji, mkono simpi, chumbani kwake siingii, na kitu hakitoki mkononi mwake kikaingia mkononi mwangu. Kwa hiyo chakula nakiweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, napiga hodi, naondoka. Akimaliza anarudisha vyombo palepale kwenye kigoda. Alihamia kwetu Januari kutoka Misungwi, baada ya kumzika mkewe na kuuza ng'ombe wote. Alikuja na begi moja la turubai. Mazungumzo yetu ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, Baba" na "Mwangaluka, mayu," yaani mama, basi, tena kupitia pazia.

Wiki za mwanzo sahani zilikuwa zinarudi kama zilivyokwenda. Alikonda mpaka suruali ikafungwa kwa kamba. Halafu siku moja akatoka, akakaa karibu na banda, akawapa sungura majani ya matembele. Jioni ile akala. Tangu hapo kila siku yuko nao, anawasemesha Kisukuma kama alivyokuwa akisema na ng'ombe wake. Venant aliniambia, "Mama Selina, hao sungura ndio wanaomshikilia mzee hapa. Wakifa, atarudi Misungwi kwenye ile nyumba iliyobomoka paa, na huko tutakwenda kuzika." Kwa hiyo mimi, mtoto wa wafugaji wa Magu, nalinda maisha ya sungura. Makubwa haya.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Hakuna mteja.

Jumatatu, 9 Machi

Mwenyekiti anajikuna. (Majina aliwapa Venant: Mwenyekiti na Mhazini. Wote majike. Ndivyo alivyo mume wangu.) Nimemwangalia vizuri: masikio yana magamba meupe, manene, na puani nywele zimeng'oka. Anatikisa kichwa kila wakati. Mhazini anamlamba masikio, naye mwenzake anafumba macho.

Nimemwuliza jirani yangu Sabina. Akasema, "Huo ni ukurutu. Paka oili chafu ya gari, siku tatu umekwisha. Mbwa wetu tulimpaka hiyo."

"Mbwa wenu yuko wapi siku hizi?"

Akafikiri. "Alikufa. Lakini si kwa ukurutu."

Jumanne, 10 Machi

Baba mkwe ameyaona masikio. Nimemsikia akiguna nyuma ya nyumba. Kisha akaingia ndani, nikasikia zipu ya begi.

Jumamosi, 14 Machi

Nitaandika ya leo yote.

Asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni nyuma ya nyumba. Halafu harufu. Harufu ile naijua tangu utoto, ni ya josho la kijijini, siku ya kuogesha ng'ombe, inakaa puani mpaka kesho yake. Nikaacha nguo chini ya sindano, nikatoka mbio.

Baba mkwe amechuchumaa, amekunja mikono ya shati. Beseni lina maji meupe. Chupa ya dawa ya kupe iko pembeni ya mguu wake. Na ndani ya beseni, amelowa mpaka shingoni, Mwenyekiti.

"Baba!" Nilisimama kwenye kona, ndipo mwisho wangu. "Baba, samahani, hiyo si dawa ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

"Huyo ni sungura, Baba."

"Nimeona masikio. Mimi nimeogesha ng'ombe kabla hujazaliwa, Mama Selina, na sikuua hata ndama. Nimeweka tone tu."

Sasa ningefanya nini? Mtu mwingine angekwenda akamnyang'anya. Mimi niliweka mikono kichwani nikawa nahesabu pumzi za sungura kutoka kwenye kona. Kumsogelea mkwe karibu namna ile ni mwiko. Naona hasira hata sasa ninapoandika, na sijui namkasirikia nani.

Akamtoa, akamweka juu ya jabali. Mwenyekiti akaanza kulamba mkono, akalamba kifua, akalamba ubavu, haraka haraka, jinsi wanavyofanya wakichafuka. Halafu akaanza kutetemeka. Mate yakamtoka. Akalala ubavu.

Baba mkwe alirudi nyuma hatua kadhaa, akageuza uso. Kwa kuwa amesogea, nikaweza kusogea. Nikamfunga sungura kwenye khanga, nikapanda bodaboda kwa Daktari Akelo, yule binti wa Rorya mwenye duka la dawa za mifugo huko chini barabarani. Njia nzima namwambia dereva kimbia, halafu namwambia polepole, mpaka akaniuliza nataka lipi.

Daktari alinusa khanga tu, uso ukabadilika. Akamsuuza kwa maji ya vuguvugu, akamkausha kwa taulo mpaka ndani ya nywele, akamweka karibu na chupa ya maji moto, akamchoma sindano. Mwenyekiti akainua kichwa. Hapo ndipo daktari alipoanza kunigombeza.

"Nani kamwogesha?"

Nikasema, "Mimi."

Kumtia mkwe aibu mbele ya watu, ulimi haukukubali.

"Mama, wewe mtu mzima! Ng'ombe hajilambi mwili mzima. Huyu anajilamba kutwa. Ukimpaka kitu kwenye ngozi, umemlisha. Na sungura hatapiki, kikiingia kimeingia. Kabla hujamgusisha dawa yoyote jiulize, je, ningempa ainywe? Kama jibu ni hapana, funga chupa."

"Sawa, daktari."

"Na kumwogesha, usirudie. Akilowa anakufa kwa baridi, asipokufa kwa baridi anakufa kwa hofu."

Nimeitika kila kitu kichwa chini, mimi niliyemzidi miaka ishirini. Mwenyekiti amebaki kwake hadi kesho. Nimerudi kwa miguu, mvua ikinipiga. Chakula cha jioni nimekiweka kwenye kigoda. Hodi sikupiga.

Jumapili, 15 Machi

Yu hai! Amekula jani moja, akanya punje chache. Daktari Akelo alifurahia zile punje kama mtu aliyepata salamu za nyumbani. Kanisani sikwenda.

Sahani ya Baba mkwe imerudi haijaguswa.

Jumatano, 18 Machi

Leo ndipo daktari amemwachia Mwenyekiti, nimerudi naye na maelekezo mengi. Magamba yale ni wadudu wanaochimba ndani ya ngozi, huwaoni kwa macho. Daktari amempima kwenye mizani na kumchoma sindano ya wadudu kwa uzito wake, hiyo ni kazi yake na si yangu. Mhazini naye nilimpeleka, amechomwa, maana wadudu hawachagui. Mimi nimepewa dawa ya kupaka kwenye vidonda vya masikio na pua.

"Vaa glovu," alisema. "Paka nyembamba, mpaka ukiangalia huioni. Usibandue magamba, yataanguka yenyewe. Krimu zenu za usoni za duka la dawa usithubutu, wala dawa ya viroboto vya mbwa, zipo zinazomuua moja kwa moja. Mmoja ashike, mwingine apake, maana akirusha teke vibaya anajivunja mgongo. Mkimaliza mpeni majani, mdomo uwe na kazi nyingine. Na mtenge na mwenzake dawa ikauke kwanza, wanalambana hao."

"Na nikiona nini niogope?"

"Akiacha kula. Akiacha kunya. Hapo usingoje kesho, nipigie."

Nimemwita Sabina ashike. Anapiga kelele kuliko sungura. Lakini tumepaka.

Mwenyekiti nimempa kasha lake la mbao, upande wa pili wa ua, akae huko moja kwa moja. Siwezi kila siku kutenga na kurudisha, nina nguo za watu. Baba mkwe alikuwa amesimama dirishani. Sikumwangalia.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua usiku kucha, na jabali linatiririsha maji mpaka mlangoni. Sahani imerudi nusu. Hatoki tena kukaa na sungura. Anajua sasa kwamba mikono yake ilitaka kuua, na anaificha chumbani. Nilidhani nitafurahi ajue. Sifurahi.

Jumatatu, 23 Machi

Daktari Akelo amekuja mwenyewe kuwaangalia. Mwenyekiti anaendelea vizuri, magamba yanalegea. Nikasema asante, karibu chai, lakini yeye mdomo wake hauna breki. Akasimama ukumbini, mbele kabisa ya lile pazia, akasema kwa sauti, "Nakuonya tena, Mama Selina. Ile chupa ya josho uliyomwogeshea nayo, wewe ulitaka kuua. Ungekuwa mtoto ningekuchapa. Ulifikiria nini?"

Nikasema, "Nilikosea, daktari. Sitarudia."

Nyuma ya pazia kitanda kililia.

Jumanne, 24 Machi

Asubuhi nimekuta sahani kwenye kigoda, na pembeni ya sahani chupa ya dawa ya kupe. Imefungwa kwa kitambaa.

Nimeipeleka kwa Daktari Akelo aiteketeze anavyojua. Kuimwaga mtaroni sikuthubutu, mtaro wetu unakwenda ziwani, na ziwani ndiko tunakopata samaki. Njia nzima nilikuwa nalia, na ukiniuliza kwa nini, sijui. Huyu mzee hakuniambia ahsante. Aliweka chupa tu.

Ijumaa, 27 Machi

Venant alipiga simu kutoka Katoro. Nikamwambia baba yako hali chakula vizuri. "Nitakuja Pasaka," akasema. Nikamwuliza Pasaka ya mwaka gani. Akasema mtandao, akakata.

Jumatatu, 30 Machi

Sabina amevuka ziwa kwenda Kamanga, wana msiba, hatarudi mpaka baada ya sikukuu. Nimejaribu kupaka dawa peke yangu, sungura nimemviringisha kwenye khanga, kichwa tu nje. Alinikwaruza kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Karibu aruke kutoka mezani. Nilimdaka kwa tumbo, nikakaa naye chini.

Mzee yuko dirishani. Anatazama kila kitu. Mikono yake inashika nondo za dirisha, na mtu aliyeshika ndama miaka yote hiyo angeweza kushika sungura. Anajua. Mimi pia najua. Lakini mmoja ashike, mwingine apake, maana yake mikono yangu na yake juu ya mnyama mmoja, nyuso karibu, pumzi karibu. Mama mkwe angefufuka.

Jumatano, 1 Aprili

Nimepaka kwa shida. Mvua. Ndege ikipita kushuka uwanjani, Mwenyekiti anapiga mguu chini kwenye kasha lake, na Mhazini anamjibu huku bandani. Wanafanya hivyo kila ndege inapopita. Mchana kutwa nasikia hicho tu na cherehani.

Begi la Baba mkwe nimeliona kupitia upenyo wa pazia. Liko juu ya kitanda, limejaa, limefungwa zipu.

Jumamosi, 4 Aprili

Jumamosi Kuu. Nina magauni ya watoto wa watu tisa wanaotaka kung'aa kesho, na Venant hajafika. Lori limeharibika Katoro, anasema. Dawa nimempaka Mwenyekiti jioni, na nimeipaka nzito, safu ya kushiba, ili sikukuu nisihangaike. Imekaa juu ya masikio kama siagi. Nikajiambia hata hivyo yuko peke yake kwenye kasha, nani atamlamba.

Pasaka, 5 Aprili

Misa nzuri. Pilau. Sahani ya Baba mkwe imerudi tupu, nikashangaa, nikashukuru Mungu. Naenda kulala.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Nimejifunza kitu leo nacho kimeniumiza. Naandika chote.

Asubuhi nimekwenda kwenye kasha, Mwenyekiti hayumo. Nikakimbilia bandani: wako wote wawili, wamelala ubavu kwa ubavu. Mwenyekiti mzima. Masikio yake masafi, yanang'aa, hakuna dawa hata chembe. Na Mhazini amejikunja kwenye kona, mgongo juu, macho nusu. Majani mbele yake hayajaguswa. Chini yake hakuna hata punje moja ya choo.

Ilinichukua muda mfupi kuelewa. Wakati mimi niko kanisani jana, mtu amewarudisha pamoja. Na Mhazini amefanya anachofanya kila siku, amemlamba mwenzake masikio. Amekula safu yangu ya kushiba yote.

Nikapiga simu kwa Daktari Akelo. Yuko kwao Rorya kwa sikukuu, sauti inakatikakatika. "Tumbo linasimama," alisema. "Mpe joto. Saga majani laini na maji, mlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, tone kwa tone, asipaliwe. Msugue tumbo taratibu. Mwenzake mpanguse. Narudi kesho alfajiri, lakini msimwache alale tu. Mna watu wa kushika?"

Nikasema tupo.

Mvua ikaanza hapohapo, ile ya kuziba mlima, njia ya chini ikawa mto. Sabina Kamanga. Venant Katoro. Nikabaki nimesimama ukumbini na sungura kifuani na hasira zote za miezi mitatu, nikaligeukia lile pazia. Na sauti iliyotoka sikuwahi kujua ninayo.

"Baba! Wewe ndiye uliyewaunganisha?"

Mvua tu kwenye bati.

"Baba, nakuuliza mimi! Daktari alisema watengwe! Kwanza umeogesha, sasa umeunganisha. Huyu naye akifa nitamwambia nini Selina? Nitamwambia nini mwanao? Mimi nimetukanwa na mtoto mdogo kwa ajili yako, nikanyamaza!"

Hapo nikaishiwa pumzi. Nilijua nimeshavunja kila kitu, kwa hiyo nikangoja kuangukiwa na paa.

Akajibu polepole, karibu sana na pazia, kumbe alikuwa amesimama palepale.

"Ilikuwa sikukuu, Mama Selina. Hata mfungwa hutembelewa siku ya sikukuu."

Nikamfunika Mhazini kwa khanga, naye akaendelea.

"Nilikuwa namwona kwenye lile sanduku. Amegeukia ukuta, hageuki, hata ukimpa jani. Mimi najua kukaa umegeukia ukuta."

Mama yangu! Nilitaka kuendelea na hasira, zikanikimbia. Maana nilikumbuka vizuri maneno ya daktari. Alisema dawa ikauke kwanza. Hakusema wiki tatu nzima. Kasha lilikuwa uvivu wangu. Na safu ile nene ilikuwa uvivu wangu pia. Tulimlisha Mhazini ile dawa wawili, yeye na mimi.

Nikasema, "Baba, dawa niliipaka nyingi. Kosa ni langu pia." Halafu nikasema, "Anahitaji mtu wa kumshika na mtu wa kumlisha. Tuko wawili tu."

Mhazini akasaga meno kifuani kwangu, daktari aliniambia wakisaga hivyo wanaumwa.

"Baba, nisamehe. Naingia."

"Ingia," akasema. "Waliotuwekea huo mwiko walikuwa na ng'ombe. Hawakuwa na sungura."

Nikacheka na machozi yakanitoka, vyote pamoja. Nikasukuma pazia, mguu wa kulia kwanza, nikaingia chumba ambacho nimekifagia kwa mawazo tu tangu Januari. Kitanda kimetandikwa. Begi juu yake. Ukutani hakuna kitu, ila picha ndogo ya mama mkwe, na nikamwomba msamaha kimoyomoyo.

Baba mkwe aliketi chini, akakunja miguu, akapiga mapaja. Hakuniangalia, uso aliugeuzia dirisha, lakini mikono aliinyoosha. Na mimi nikamweka Mhazini, siyo chini, siyo kwenye kigoda. Mkononi mwake.

Jamani, anajua kushika! Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine kifuani, kichwa kikaingia kwapani kwake gizani, na yule mnyama akatulia. Nikasaga matembele, nikavuta kwenye bomba, nikaanza tone kwa tone. Kidole changu kikagusa kidole chake. Ni kigumu, kimepasuka kama gome. Hakuna paa lililoanguka.

Tulikaa hivyo mchana mzima. Nilisugua tumbo, akanielekeza niende kwa mzunguko, ndama akivimbiwa ndivyo wanavyofanya. Nikaleta jiko la mkaa mlangoni. Tukampangusa Mwenyekiti kwa kitambaa chenye unyevu, tukamkausha, tukamlaza karibu, na Mhazini alipomsikia akanyanyua sikio moja. Tulizungumza pia. Aliniuliza kwetu Magu josho liko upande gani. Nikamwambia. Akasema analijua, amepitisha ng'ombe pale akienda mnadani, mimi nikiwa sijazaliwa au nikiwa mgongoni.

Jioni mvua ikapungua. Baba mkwe akainua mkono wake, akauangalia, akaunyoosha kwangu bila kusema. Kiganjani kulikuwa na punje moja ya choo, ndogo, ngumu. Nikaichukua kutoka kiganjani kwake. Sijawahi kufurahia mavi maishani mwangu, leo nimefurahia.

Jumanne, 7 Aprili

Daktari Akelo amefika na matope mpaka magotini. Mhazini anakula. Akasikiliza tumbo, akasema linaunguruma sawa.

"Nani kawaunganisha na dawa mbichi?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka nyuma yangu. "Mimi. Na kuogesha pia nilikuwa mimi. Huyu mama alinifichia aibu yangu."

Daktari akapunguza sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa tufundishe upya, wote wawili."

Akatufundisha. Na mimi alinigombeza kwa lile kasha, kumbe alidhani ni la kukaushia dawa tu: sungura akikaa peke yake muda mrefu naye anaacha kula. Mzee hakutabasamu, lakini alikohoa.

Jumapili, 19 Aprili

Tunapaka pamoja. Yeye anashika, mimi napaka, nyembamba. Tunakaa na Mwenyekiti mpaka ikauke, anatafuna majani, halafu anarudi kwa mwenzake. Chakula bado nakiweka kwenye kigoda na kuondoka. Mambo ya sungura ni ya sungura.

Jumatano, 22 Aprili

Venant amerudi. Ametukuta nyuma ya nyumba, mimi na baba yake na sungura katikati. Akadondosha funguo. Nikamwambia, "Ungekuwepo, ungeshika wewe."

Jumatatu, 4 Mei

Mvua mbili tu wiki nzima. Magamba yote yameanguka. Kuna nywele changa masikioni.

Begi bado liko juu ya kitanda. Naliona kila nikipita. Sungura wamepona, na sasa nawaza kwamba alikuwa anangoja wapone tu ili aondoke vizuri. Silali sawasawa.

Jumapili, 17 Mei

Jua siku nzima. Ziwa limetulia, kutoka hapa juu linaonekana lote mpaka ng'ambo. Daktari Akelo ametangaza jana kwamba dawa basi, wamepona.

Jioni nimepika ugali na sato, nikapeleka sahani ya Baba mkwe. Kigoda hakipo. Nikapiga hodi. Nikasogeza pazia: kitanda kitupu, begi hakuna.

Nilibaki na sahani mkononi. Nikasema moyoni, ameondoka, ameondoka bila kuaga, na nitamwambia nini Venant. Nikaita, "Baba! Baba!" Nikazunguka nyuma ya nyumba nikikimbia, mchuzi ukinimwagikia mkononi.

Yuko bandani. Begi amelipasua mishono kwa wembe wangu wa cherehani, amelinyoosha, anaigongelea misumari turubai yake upande wa ziwani ili upepo usiwapige Mwenyekiti na Mhazini. Zipu inaning'inia. Nguo zake zimekunjwa juu ya jabali.

"Mbona unapiga kelele, mayu?"

"Begi lako, Baba."

"La nini tena?" Akapigilia msumari wa mwisho. Akakivuta kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakisukuma upande wangu. Yeye akaketi kwenye jabali.

"Nenda kalete na sahani yako. Halafu kaa hapo."

Nimekwenda. Nimerudi. Nimekaa.